Rakaa Mbili za Likizo

Bujumbura, Rohero
9 Aprili 2003

Dada yangu Miza,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na shemeji Nasser na kiyoyozi chenu, ambacho kwa jinsi unavyokitaja katika kila barua nimeanza kukihesabu kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Sisi hatujambo. Mama hajambo: goti la kushoto linamsumbua, ulimi haumsumbui. Mke wangu Hiba anakusalimu. Alya ametimiza miaka kumi na minne na anatusahihisha Kifaransa sote mezani, akiwamo mwalimu wake aliyekuja kula. Duka liko wazi siku zote isipokuwa zile ambazo mji mzima umefungwa. Vita navyo viko vilevile huko milimani, vinateremka na kupanda kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani.

Unajua kwamba Mama ameharamisha mambo ya familia kwenye simu. Kwake simu ni ya misiba tu, na ikilia humu ndani watu huanza kwa machozi ndipo waipokee. Kwa hiyo nakuandikia, na Massoudi anayekwenda kununua mali Dubai na kupitia Maskati atakufikishia.

Mwaliko wako niliuwasilisha mbele ya kikao cha familia, Ijumaa baada ya chakula, nami nikiwa mwenyekiti kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea. Hoja ilikuwa moja: je, vakansi, yaani likizo kubwa ya mwaka huu, tuile ng'ambo, kwako Maskati, au ndani ya nchi? Hiba alisema ng'ambo, kwa hotuba fupi iliyohusu maduka. Watoto walisema ng'ambo. Ndipo Nsimire, mpishi wetu kutoka Bukavu, ambaye hana kura lakini hana pia haya, akasimama mlangoni na mwiko mkononi:

"Patron, mi niko naona televizyo. Kule mu mwezi wa saba ni digri makumi tano. Ile si vakanse. Ile ni kuingia mu furu pamoja na mikate."

Kikao kikayumba. Tukageukia ndani ya nchi, na hapo, dada, niligundua jinsi nchi ilivyo ndogo inapopigana. Rumonge, magari yanaviziwa njiani. Gitega, unakwenda kwa msafara wa wanajeshi, na mimi sijawahi kustarehe nyuma ya bunduki. Utalii wetu wa ndani ukapunguka, ukapunguka, hadi ukabaki Kinindo, kilomita tano kutoka kitandani kwangu. Yuko Mbelgiji mmoja wa shirika la misaada anayekwenda kwao Julai yote, anatafuta familia ya heshima ilale kwenye villa yake yenye bustani ya kuelekea ziwani. Kwa Kifaransa ametuita wageni wake. Kwa lugha ya mtaani sisi ni mazamu, tumeajiriwa kulinda nyumba na tutajilisha wenyewe.

Nilidhani nimeshinda. Mama, aliyekuwa amefumba macho muda wote, akauliza bila kuyafumbua:

"Kinindo nitasali ngapi?"

"Nne, Mama. Ni karibu mno."

"Basi si safari. Vakanse ambayo Mungu mwenyewe haijui, mi naendea nini?"

Hukumu hiyo unaifahamu. Kwetu sisi Waibadhi, ukipita kama kilomita kumi na mbili kutoka kwenu unakuwa msafiri, na adhuhuri ya rakaa nne unaisali mbili. Unaendelea kusali mbili, hata ukikaa miaka, mpaka siku moyo wako utakapokubali kwamba pale ulipo sasa ndipo kwenu. Hapo unarudi kwenye nne. Mama anasema hakuna pasipoti isemayo kweli kama hiyo.

Ndipo akaniagiza nikuulize, nami natii. Ulikwenda huko Septemba ya 1993 kwa likizo ya wiki tatu. Oktoba nchi ikaungua, likizo ikarefuka, ukaolewa, ukapata kiyoyozi. Mama anauliza: unasali ngapi?

Jambo dogo la mwisho. Massoudi ameniambia kwamba tiketi ulizotuwekea hazina safari ya kurudi. Nimemwambia amesoma vibaya.

Ndugu yako,
Bader

*

Maskati
4 Mei 2003

Bader mdogo wangu,

Amani kwenu nyote, na pole nyingi kwa goti la Mama. Barua yako imechukua wiki tatu na ushee kwa sababu Massoudi aliiweka ndani ya kiatu cha biashara, na kiatu kikakaribia kuuzwa. Niliisoma kwa sauti. Nasser akauliza ni harusi ya nani, maana unaandika kama uliyepanda jukwaani na mikrofoni mkononi, na bwana harusi ni tajiri.

Hatujambo. Vijana wangu wawili wanakua na wanakula. Huyo mpishi wako mwambie kwamba joto la hapa halimuui mtu: unatoka nyumba yenye baridi, unaingia gari lenye baridi, unashuka kwenye duka lenye baridi. Kati ya hivyo vitatu unakimbia.

Chumba chenu kiko tayari. Nimenunua vitanda vinne na kabati la milango sita. Alya nimemwandikisha katika shule moja ya jirani, kwa wiki chache tu, ajinyooshe Kiarabu. Kuhusu tiketi, wakala alisema upande wa kurudi hupangwa baadaye, watu wakishapumzika. Ni utaratibu wa kawaida, usiugeuze kuwa kesi.

Na wewe, bwana mwenyekiti, unanieleza habari za villa na kilomita za safari, lakini hukuniambia mnalala vipi usiku. Watu wanaotoka huko wananiambia. Siulizi. Nasema tu kwamba kabati lina milango sita.

Kuhusu swali la Mama, ningelijibu kwa kirefu lakini karatasi inakaribia kuisha.

Dada yako,
Miza

Nimeambatisha kurasa mbili za namna ya kupika halua isishike sufuria.

*

Bujumbura, Rohero
17 Juni 2003

Dada yangu Miza,

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mwanamke anayeishiwa na karatasi kisha akapata kurasa mbili za halua. Mama alisikiliza barua yako hadi mwisho. Akasema, "Ngapi?" Nikasema hukutaja. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, na halua yote. Akainuka akaenda chumbani kwako. Mswala wako bado uko juu ya kitanda kile, umekunjwa kama ulivyouacha; anaufua kila mwezi wa Shaabani na kuukunja vilevile. Sikumfuata.

Kabati la milango sita nimelisikia. Familia ya watu wanaokuja wiki nne haihitaji milango sita, dada. Mlango mmoja na msumari ukutani hutosha.

Sasa nikupe habari ya uvumbuzi wetu. Mama aliposhikilia kwamba hatakwenda likizo isiyotambuliwa na Mungu, nilitafuta mahali palipo ndani ya nchi, palipo salama mchana, na palipozidi kilomita kumi na mbili. Pako mahali pamoja tu: Gatumba, mpakani na Kongo. Jumapili iliyopita tukapanda gari sote, Alya akiwa mbele anasoma kilomita kwa sauti kama mtu anayepiga mnada. Ilipofika kumi na mbili Mama akasema, "Ongeza kidogo, isije ikawa na shaka." Tukaongeza.

Kwenye bariere, kizuizi cha njiani, mwanajeshi kijana akaingiza kichwa dirishani.

"Munaenda wapi?"

"Gatumba," nikasema.

"Kufanya nini?"

Kabla sijapanga jibu, Mama akajibu kutoka nyuma: "Kusali kidogo."

Kijana akatutazama mmoja mmoja. "Kusali kidogo si mungesalia mu nyumba, Bibi?"

"Mu nyumba nasali mingi," akasema Mama. "Ndiyo maana naenda."

Akainua kamba. Nadhani hadi leo anatusimulia.

Tulitandika mswala nyuma ya kibanda cha muuza samaki, huku akina mama wa Uvira wakipita na mabeseni yao wakirudi kwao. Mama akasali rakaa mbili, akatoa salamu, akaketi anaangalia milima ya Kongo ng'ambo ya pili kama mtalii aliyelipia. "Sasa nimesafiri," akasema. "Turudi." Likizo yake ya mwaka ilimchukua dakika ishirini na mbili. Alipofika nyumbani alasiri alisali nne, akaingia jikoni kumgombeza Nsimire kuhusu chumvi.

Kwa kuwa haki ya Mungu imekwisha kupatikana, amekubali Kinindo kwa ajili ya wajukuu. Tunahamia Jumamosi ya tarehe 5 Julai. Kikao kimefungwa: mwaka huu ndani ya nchi. Tiketi zako zirudishe kwa huyo wakala mwenye utaratibu wa kawaida.

Bader

*

Maskati
21 Julai 2003

Bader,

Salamu. Sisi wazima.

Redio imesema kuna mapigano kusini ya Bujumbura, ikataja Kinindo. Imesema hivyo wiki nzima. Kisha ikaacha kusema, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nimekaa mbele ya simu siku tatu. Najua ikilia kwenu mtaanza kulia, nami sikutaka kuwaliza bure, wala sikutaka kukuta tayari mnalia.

Massoudi anapanda ndege leo. Nimempa hii akiwa anatoka mlangoni. Mwandikie dada yako hata neno moja. Acha hotuba.

Miza

*

Bujumbura, Rohero
4 Agosti 2003

Dada yangu,

Hatujambo. Nimelihesabu neno hilo kabla ya kuliandika: mimi, Hiba, Alya, wadogo zake wawili, Mama, Nsimire. Saba. Hatujambo saba.

Likizo yetu ya ndani ilidumu siku mbili, na nitakuwa mdhalimu nikisema hazikuwa nzuri. Watoto walichuma mapera ya Mbelgiji. Hiba alilala mchana, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane. Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye chai mabomu yalipoanza, kwanza mbali, kisha si mbali. Mama alikataa kulala chini. Alisema sakafu ni baridi na goti lake halijui vita. Tukamketisha kwenye korido. Akaniuliza, "Bader, hii ndiyo vakanse ya ndani ya nchi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ya ndani kabisa."

Chumba alichokuwa amelala saa moja kabla hakina ukuta tena.

Tulitoka pamoja na mtaa mzima, watu na magodoro yao vichwani, na barabara ilikuwa imejaa kiasi kwamba gari halikuwa na maana. Mama hawezi kutembea kwa goti lile. Nsimire ndiye aliyekwenda bustanini akarudi na toroli ya mtunza maua. "Bibi, panda. Ni taksi ya Mbelgiji." Mama akapanda, akajifunika kanga, akashika birika la chai mapajani, nami nikasukuma. Kilomita tano, dada. Zile zile alizosema si safari. Wewe unanijua, mtu niliyepewa mikrofoni katika kila harusi ya mji huu. Sikupata neno moja la kusema kutoka Kinindo hadi Rohero. Yeye ndiye alikuwa anasalimiana na watu njiani, akiuliza habari za mama zao.

Tulipofika nyumbani adhuhuri ilikuwa imeingia. Nikamwambia, Mama, sali umeketi. Akasimama kwa kushika mlango. "Ni nne," akasema, "niko kwangu." Akazisali zote nne, na mimi nikamsimamia nyuma nikidhani ataanguka.

Wiki nne nimekaa nikikutafutia uongo mzuri. Nilianza barua moja iliyosema tulirudi mapema kwa sababu ya mbu. Niliichana.

Mama anakuja kwako. Nimemwomba kwa siku kumi na tisa na amekubali ya ishirini, kwa masharti yake: anakuja kutembea, si kuhamia. Tiketi nimeikata mwenyewe, na ina safari ya kurudi, tarehe 20 Desemba. Karatasi hiyo ya kurudi ameishona ndani ya mfuko wa gauni lake. Usijaribu kumfulia.

Sisi tunabaki kwanza. Usiniulize kwa nini. Nami karatasi yangu inakaribia kuisha.

Naomba kwako jambo moja tu. Mhesabie. Akisali mbili, nitajua anarudi. Siku utakayomwona anasimama kwa ya tatu, niandikie. Kwa kalamu, dada. Usipige simu.

Bader

*

Maskati
14 Septemba 2003

Bader mdogo wangu,

Nimeshika kalamu, si simu, kwa hiyo kaa chini usome taratibu, na umwambie Hiba hakuna aliyekufa.

Mama amefika salama. Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka na joto likampiga usoni, alisimama akasema, "Hii nchi imesahauliwa jikoni." Nasser alicheka hadi akaacha sanduku kwenye lifti. Goti limeonwa na daktari, limepewa dawa. Kiyoyozi amekizima. Analala dirisha wazi, na sisi sote tunatoka jasho kwa heshima yake. Kabati la milango sita ameliangalia, akaning'iniza gauni lake moja kwenye msumari wa picha.

Nilimhesabia kama ulivyoniagiza. Siku tisa, nikiwa nyuma ya pazia kama askari kanzu. Mbili. Kila adhuhuri mbili, kila alasiri mbili. Ulale kwa amani.

Siku ya kumi akaniita. "We Miza. Unajificha wapi kila nikisali? Leta mswala wako hapa kandoni."

Nikamwuliza kama ameniletea ule wangu wa zamani.

"Niulete kufanya nini? Uko pahali pake."

Nikatandika mwingine. Tukasimama pamoja, kila mtu na sala yake, bega kwa bega, kama alivyokuwa akitusimamisha tukiwa wadogo ili tusichekeshane. Rakaa ya kwanza. Ya pili. Tukaketi. Nikamsikia anatoa salamu, kulia, kushoto. Mimi bado nimeketi, Bader, na nilijua bila kugeuka kwamba alikuwa haangalii uso wangu. Alikuwa anaangalia magoti yangu. Nikiinuka kwa ya tatu, hapa ni kwangu, na kila nililowaandikia kwa miaka kumi ni kweli. Nisipoinuka, nimekwisha kujibu.

Sikukujibu kwenye barua kwa sababu mbili, na sasa utazipata zote. Nyumba hii amenijengea mtu mwema, na watoto wangu wamezaliwa ndani yake. Ningemwambiaje kwamba nasali humu kama mtu aliyeshuka kwenye basi? Na wewe ningekwambia, ungesema njoo. Nami ningekuja, katikati ya mabomu, na wanangu mkononi. Ndiyo maana nikawa nawavuta ninyi. Nilifikiri mkija wote, na Mama, na kelele zenu, labda siku moja nitainuka kwa ya tatu bila kujua.

Nikatoa salamu. Kulia, kushoto.

Mama akanigeukia. Kisha akasema:

"Miaka kumi?"

"Miaka kumi, Mama."

"Miaka kumi unatuandikia habari ya kiyoyozi, kumbe na we uko mu vakanse."

Akaanza kucheka. Unakijua kicheko chake, kile cha kushika mbavu na kutukana kidogo. Nami nikacheka, kisha nikawa sicheki tena, akanivutia mapajani kwake pale pale juu ya mswala, mwanamke wa miaka arubaini na nane.

Tulipoinua vichwa, Nasser alikuwa mlangoni. Sijui amesimama tangu lini. Alinitazama, akamtazama mkwewe, akahesabu kwa vidole kama mtu anayekagua mzigo, akasema: "Kwa hiyo miaka yote hii nimelala na msafiri." Nikadhani amekasirika. Akaenda kuwasha kiyoyozi, Mama akamzuia, akarudi akaketi nasi sakafuni. Baadaye akauliza ndege ya tarehe 20 Desemba ina nafasi ngapi.

Tumekata nne. Za kurudi pia ziko, Bader. Ndoa ni ndoa, na shule za watoto zinafunguliwa Januari. Sikwambii kwamba nahama. Kama huko milimani wameamua kuteremka tena, niandikie, nasi tutatazama. Lakini usiniandikie uongo wa mbu.

Kuhusu kikao chako cha mwakani, mimi napiga kura yangu mapema: ndani ya nchi, Rohero, chumba cha mwisho upande wa kushoto. Mwambie Nsimire atuwekee chumvi anavyotaka yeye.

Nasser ameniuliza atakapofika Bujumbura atasali ngapi. Nimemjibu mbili, kwa kuwa atakuwa likizoni. Wewe usiniulize tena. Ukunjue tu mswala ulio juu ya kitanda uutandike, maana nitafika adhuhuri, nami nitasali nne.

Dada yako,
Miza